Viti vya Nywele

Tangu nywele za kila mtu ziwe mali ya serikali, nyumbani kwa Mwasiti viti vilijaa. Alivitengeneza mwenyewe kiwandani: nywele kwenye kalibu, gundi ya moto juu yake, kisha mashine inashuka kugandamiza. Jioni alirudi miguu ikimwaka, akamkuta mama mkwe wake, Bi Somoe, chini mkekani.

"Mama, kaa kitini. Magoti yako hayo."

"Nikalie kichwa cha mtu, mwanangu? Astaghafirullah."

Bi Somoe bado alichoma kila unywele uliobaki kwenye kitana, usije ukaokotwa na mtu mbaya.

Siku moja wanyoaji wa serikali walifika mtaani kwao. Mchana ule ule, kiwandani, Mwasiti aliona mvi zenye hina zikimwagwa kwenye kalibu. Hina ile aliipaka yeye, Ijumaa. Lakini wenzake walikuwa wanasubiri, naye alikuwa amechoka. Akaishusha mashine.

Nyumbani alimkuta Bi Somoe kitini, kichwa kimenyolewa, akipapasa ukingo wa kiti.

"Leo umekaa, mama?"

"Nimekaa. Na kichwa changu, mwanangu, atakikalia nani?"

Miguu ilimwaka, lakini Mwasiti hakuketi.