Ujumbe wa Pilipili

Haki ya Mungu, kisa hiki ni cha kweli chote, mwanzo mpaka mwisho. Nikiwa nimeongopa hata neno moja, ninyimwe chai.

Jirani yangu, kinyozi mstaafu, mtu mtanashati ambaye uzee umemwonea haya, aliisogeza simu karibu na miwani akasoma kimyakimya: "Wewe bibi wa mapazia, maswali yako yanachosha kuliko foleni ya maji."

Akakohoa. Kisha akamsomea mkewe kwa sauti: "Mama, maswali yako yanaburudisha kama maji baridi."

"Nani huyo?" mkewe akauliza.

"Yule yule Pilipili."

"Ana adabu huyo mtu. Hebu rudia, polepole."

Mke huyu alishona mapazia ya mji mzima mpaka macho yakazimika. Tangu hapo akawa mtu wa kiti cha kona, uso ukutani, hata salamu umdai. Kilichomwinua ni kundi la mtandaoni la mashabiki wa tamthilia ya mapacha wanaogombania duka la viatu. Mumewe alimsomea gumzo lote na kumwandikia majibu. Na hakuingia kinyonge! Aliwabana mpaka wakakubali kwamba anayeweka picha aeleze kwa maneno kilichomo, wasioona nao wapate kucheka. Kicheko kikarudi nyumbani. Mpwa wake akamletea simu ya kwake mwenyewe, "ya kusikilizia redio, shangazi," naye akawa hatoi kidude sikioni.

Ndipo Pilipili akazuka. Kundini hakusema lolote. Sumu yake aliituma pembeni, kwa mama peke yake. Kinyozi akaingiwa na hofu ya kile kiti. Neno moja baya tu, na mkewe angerudi kutazama ukuta. Basi akawa anageuza. "Unakoroma kama cherehani bovu" ilisomwa "hata usingizini unaimba." "Chai yako kama maji ya kuoshea vikombe" ikawa "mkono wako kwenye chai hauna mfano."

Hapo pa chai kinyozi alijikuna kichwa. Mtu wa mtandaoni kaionja wapi?

Lakini mkewe alikuwa ananawiri. Alijifunga kilemba kipya, akaanza kujipaka mafuta mazuri. Pilipili akikawia, mama alikosa raha. "Leo kimya?" angeuliza. Kisha angeingia chumbani na redio yake, afunge mlango, asikike akinong'ona humo kama mtu anayebishana na mtangazaji. Haukupita muda, simu ya sebuleni ililia: Pilipili huyo.

"Tumfungie tu, mke wangu," kinyozi alisema siku moja. "Sifa nyingi hivi si salama."

"Una wivu, mzee?"

"Mimi? Kwa nani?"

"Basi mwache mwenzio aseme. Wengine humu ndani walinyoa vichwa vya watu maisha yao yote, wakampa kila mteja neno tamu, wakifika nyumbani wameishiwa."

Kinyozi akajifanya anafuta miwani.

Kesho yake mama aliingia chumbani, na simu ikalia. "Shingo yako," aliandika Pilipili, "imejikunja kama pazia lililofuliwa bila kupigwa pasi."

Kinyozi alitafuta namna ya kuigeuza hiyo, akaikosa. Shingo alizijua, zilikuwa kazi yake. Lakini hii ilikuwa shingo ya mkewe. Damu ikamchemka. Akatafuta kitufe cha kuzuia, akakibonyeza.

"Na usirudi tena, mshenzi wewe!"

Chumbani kitu kidogo kikaanguka sakafuni, nadhani kile kidude cha sikio, na sauti kavu ya mashine ikajaza nyumba: "Ujumbe haujatumwa. Mtumiaji huyu amekuzuia."

Mlango ukafunguka.

"We mzee," mkewe akasema, simu mkononi, "unanizuiaje kabla hujanisomea habari za shingo yangu?"

Yote ni kweli, naapa tena. Ila huyo kinyozi si jirani yangu. Naitwa sebuleni: simu nimenyang'anywa, chai nimenyimwa, na shingo inasubiri.