Kumi na Tisa Ukutani

Zuhura, fundi cherehani, alikuwa amewaahidi watu mengi kuliko kichwa chake kilivyoweza kubeba. Asubuhi ile alishona mkono wa gauni upande usio wake, akafumua, akarudia kosa lile lile, kisha akaangua kilio.

Bi Mgeni, mteja aliyekuja kufuata gauni lake, aliokota chaki ya kukatia nguo.

"Nitajie yote uliyoahidi, mwanangu. Hata yasiyo ya kushona."

Zuhura akawa anataja, yule mama anaandika ukutani, hadi yakafika kumi na tisa.

"Ya leo ni yapi?"

Yalikuwa matatu tu. Zuhura aliyatazama, pumzi zikamshuka. Mengine ukuta ulikuwa umempokea.

Moja la yale matatu lilikuwa gauni la Bi Mgeni, la harusi ya mpwa wake kesho. Bi Mgeni alilifuta kwa kiganja, akaliandika chini kabisa.

"Sasa kesho utavaa nini, mama?"

"Ninalo la zamani. Wewe shona."

Zuhura aliinamia cherehani, akatia uzi. Alipoinua kichwa kushukuru, Bi Mgeni alikuwa ng'ambo ya barabara, akiwapungia majirani kwa kiganja cheupe.