Kiti cha Ng'ambo ya Barabara

Serikali tukufu ilimkabidhi Bi Mwanahamisi jukumu la kuwapangia vijana walio chini ya uangalizi wa mahakama huduma za kuwaepusha na ugomvi. Alipanga kila kitu, ila barabara moja ilimshinda. Hakimu alimkataza Kibibi, mmoja wa vijana hao, kuivuka, kwa kuwa upande wa pili anaishi msichana ambaye Kibibi alimpasua kichwa. Darasa la kutuliza hasira nalo liko upande huohuo. Akilikosa mara tatu anafungwa. Ameshalikosa mara mbili, leo itakuwa ya tatu, na hakimu wa kubadili amri yuko likizo.

"Mama, nivuke?" Kibibi alimwita Bi Mwanahamisi, aliyesimama mlangoni mwa darasa, kutoka ng'ambo.

"Ukivuka umevunja amri!"

"Basi nibaki?"

"Ukibaki umetoroka darasa!"

"Sasa hasira hizi nikazitulizie wapi?"

Mwalimu akatoka na daftari la mahudhurio. "Bibi, mimi namwandika aliyekaa kitini."

Bi Mwanahamisi akabeba kiti cha plastiki kutoka darasani, akavuka nacho, akakiweka ukingoni mwa lami. Kibibi akakaa, mgongo wima, mikono magotini.

Mwalimu akainua kalamu. Lori la mchanga likapita polepole kati yao, na Bi Mwanahamisi hakuona alichoandika.