Nguchiro na Siku ya Tatu

Zama wanyama walipoanza kununua ushauri, Nguchiro alikuwa fundi wa kusema. Shimo la mtu likivuja, yeye ndiye aliyeitwa. Aliingia, akanusa, akauliza maswali, kisha akaeleza namna ya kuchimba. Alilishwa vinono, alijifunza mengi, na Simba mwenyewe alimwita mtaalamu.

"Na ukishaeleza, husaidii kuchimba?" Kobe alimuuliza.

Nguchiro akacheka. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu niko njiani."

Kwa hiyo hakuwahi kujua ni shimo lipi lililostahimili masika.

Mwaka mmoja, mvua zikiwa zimeshika, alichoka na safari akarudi kwake. Akamkuta mkewe na watoto wamejaa tope, wanazuia maji mlangoni.

"Shimo lenu zuri," akaanza kwa mazoea, "ila mlango wenu..."

"Wenu?" mkewe akauliza.

Nguchiro akaona haya. "Basi nipeni jembe."

"Mgeni hachimbi, baba," binti yake akasema kwa adabu, akamtandikia mkeka palipokuwa pakavu.

Akala, akalala, huku majembe yakilia topeni. Siku ya tatu akaamka mapema, akakaa kungoja. Mkewe akaja na kitu mkononi. Nguchiro akasimama, akanyoosha mikono yote miwili kukipokea.

Kilikuwa chakula cha njiani.