Pedi Zilizolika

Baiskeli zote siku hizi hujifunga breki zenyewe moyo wa mwendeshaji unapopiga vibaya. Ya mume wangu Shekue ilikuwa ikipiga kelele mpaka majirani wanamcheka, basi Jumapili nikaipindua uani. Fundi wa nyumba hii ni mimi. Yeye kazi yake kunimenyea machungwa.

“Umemwagia diski ya breki mafuta,” nikamgombeza.

“Wallahi sijamwaga, Mama Nuru.”

Kweli, diski ilikuwa safi, wala haikupinda. Nikachomoa pedi zinazoibana: zimekwisha kabisa, chuma kinasaga chuma. Na nilizifunga mpya juzi tu, baada ya Idi.

“Unafunga breki wapi wewe? Njia yako yote tambarare.”

“Mimi siigusi. Inapunguza mwendo yenyewe, hasa nikikaribia nyumbani.” Akacheka, akanitia kipande cha chungwa mdomoni. “Moyo unakukimbilia wewe.”

Nikakitema kiganjani. Nikafunga pedi nene kuliko zote nilizokuwa nazo.

Asubuhi nikasimama mlangoni kumtazama akiondoka. Hajafika hata kona, baiskeli ikajifunga breki yenyewe. Safari hii haikulia hata kidogo.