Fidia ya Foronya

Simu ya Chiriku ilitoa mlio mfupi, naye akaruka kutoka kitini akipiga makofi.

"Wamelipa, Dada! Lile boksi la mwaka jana, wamelipa!"

Dada Mkubwa alitabasamu kwa meno tu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mdogo wake, maana viti vingine vyote vilikuwa vimejaa mashuka yaliyokunjwa, yakisubiri kupelekwa kwenye ghala la soko la mtandaoni. Wote wawili waliuza huko. Chiriku, aliyepachikwa jina hilo tangu utotoni kwa kutojua kunyamaza, aliuza mashuka. Dada Mkubwa alishona foronya, kila moja na ua dogo la uzi mwekundu kwenye pembe.

Soko lilipokea mizigo ya wauzaji, likaitunza, likaifikisha kwa wanunuzi. Ila huko ghalani vitu vilipotea, vikaloa, vikakanyagwa na magari ya kupakia. Muuzaji aliyejua kudai alilipwa fidia. Asiyejua, hasara yake. Na kwa kudai, Chiriku hakuwa na mpinzani. Aliwaandikia, wakimkatalia aliwaandikia tena, mpaka wachoke wao.

"Na wewe dai basi, Dada. Si ulisema kuna boksi lako halionekani? Muda wake haujapita. Nipe nywila yako nikuandikie mimi."

"Mimi si ombaomba."

"Lakini ni haki yako!"

"Nimesema sitaki."

Ukweli ni kwamba kudai hakukumkera. Kilichomkaba ni kufundishwa. Yeye ndiye aliyemfundisha Chiriku kushika sindano, kufunga kamba za viatu, kusoma saa. Leo mambo yamegeuka. Kiwanda cha nguo kilipompunguza kazini, ni Chiriku aliyemfungulia duka mtandaoni, na oda ya kwanza ikaingia jioni ileile. Tangu hapo foronya zilikuwa zikitoka, si nyingi, lakini hazikukwama. Soko halikumtajia jina la mnunuzi. Lilimwonyesha nyota tano na maneno mawili matatu ya sifa, ambayo aliyasoma kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Lakini sifa hizo zote ziliingia mchanga akikumbuka jinsi mdogo wake alivyokuwa akiuza. Aliwahi kulichungulia duka la Chiriku mara moja, akakosa raha siku nzima, akaapa kutolitazama tena.

Chiriku alikwenda jikoni kuchemsha chai. Kompyuta aliiacha wazi.

Dada Mkubwa hakukusudia. Jicho tu lilimponyoka. Kwenye lile dai lililolipwa kulikuwa na picha ya mali iliyopotea: mashuka, na juu ya mashuka, foronya. Kwenye pembe ya foronya, ua jekundu.

Moyo ukamlipuka. Kumbe! Boksi lake limeshadaiwa, limeshalipwa, na mlipwaji yuko jikoni anaimba.

Hakuuliza. Alikunywa chai yote, akaisifu, akaaga. Alipofika kwake, kabla ya kuvua viatu, aliwaandikia watu wa soko kwamba duka fulani linadai fidia ya mali isiyo yake, walichunguze. Akabonyeza, akahisi kifua kimekuwa chepesi kama mtu aliyetolewa mwiba kooni.

Siku iliyofuata, soko lilifunga duka la Chiriku hadi uchunguzi uishe.

Chiriku alikuja mbio, macho yamevimba. Dada Mkubwa alimfungulia mlango, akamkumbatia.

"Pole, mdogo wangu. Watu ni wabaya."

Ilikuwa miaka mingi hajamfuta machozi. Akaona ilivyo tamu kuwa mkubwa tena.

"Mashuka yangu siyawazii sana," Chiriku alisema kwa kwikwi. "Nakuwazia wewe."

"Mimi? Duka langu lina shida gani?"

Chiriku akageuza maneno haraka, akauliza kama kuna chai, kama mvua itanyesha.

Dharau hiyo, Dada Mkubwa aliwaza. Hata akiwa analia, bado ananihurumia.

Siku kadhaa baadaye, simu ikapigwa kutoka sokoni. Alikuwa mkaguzi, mwanamume mwenye sauti ya upole.

"Mama, tumeshughulikia lalamiko lako. Boksi lako tumelikuta ghalani, lilikuwa limewekwa mahali pasipo pake, halijaguswa. Foronya alizodai yule muuzaji ni nyingine. Ni zake. Alizinunua, akawa anawapa wateja wake kama zawadi, kila anayenunua shuka. Risiti zote tunazo."

"Alizinunua wapi?"

"Dukani kwako."

Dada Mkubwa alitafuta pa kukaa. Alimwona Chiriku mlangoni na macho yake yale yaliyovimba, akaona na mikono yake mwenyewe ikimfuta machozi.

"Basi mfungulieni," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekosea mimi. Mfungulieni leo leo, tafadhali."

"Tutamfungulia, mama. Ila kuna jambo moja linatutatiza, ndiyo maana nimekupigia. Lazima tujiridhishe kwamba wewe na yeye si mtu mmoja anayejiuzia mwenyewe."

"Mtu mmoja? Kwa nini mfikirie hivyo?"

Mkaguzi alishusha sauti.

"Kwa sababu, mama, tangu duka lako lifunguliwe, hakuna mtu mwingine aliyewahi kununua kitu kwako."