Jina la Kifuani

Siku hizi kila mwenye ndoa huvaa kifuani kioo kidogo kinachosikiliza moyo na kuandika jina la anayemuwaza. Tangu Ijumaa, kioo cha Shekue kilikuwa kikitoa herufi za ovyo zisizosomeka, na mkewe Namsifu alikuwa hali wala halali kwa wivu.

"Kimeharibika tu, mama Chande," alisema Shekue. "Nilikiunda mwenyewe, na vitu vya kujiundia nyumbani ndivyo vilivyo."

"Kivue. Nitakitengeneza mwenyewe."

Akakaa nacho mezani, kando ya ungo wa mchicha. Nyaya zilikuwa sawa, umeme ulifika. Kosa lilikuwa kasi: kikompyuta kidogo kilichofungwa nyuma ya kioo kilituma herufi upesi kuliko kioo kilivyozipokea. Akazilinganisha kasi hizo mbili, huku akiapa kwamba likitokea jina la Tunu, jirani yao mcheshi, leo patachimbika.

Likatokea: NAMSIFU.

Haya zikamjaa usoni. "Nisamehe, baba Chande," akaita. "Njoo ukivae."

Kutoka uani alisikia mumewe akicheka na Tunu. Na pale mezani, mbali na kifua chochote, kioo kiliendelea kuandika neno lile lile alilokiwekea aliyekiunda: NAMSIFU, NAMSIFU, NAMSIFU.